Kutoka Sori Kumfuata Msanii Ng'ambo

Sori iko kwenye Ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori, na mji huu uko karibu na Tanzania kuliko Kisumu. Ukifuata ufuko kuelekea kusini unafika Muhuru, na baada ya Muhuru ni mpaka. Ng'ambo yake kuna Shirati, wilayani Rorya, mkoani Mara. Wapenzi wa muziki wa benga wanalijua jina hilo hata kama hawajawahi kukanyaga huko, kwa sababu ndilo Daniel Owino Misiani aliloipa bendi yake, Shirati Jazz.

Kwa hiyo hoja inayojadiliwa hapa si ngeni kwa watu wa Sori. Je, mtu wa kipato cha kawaida, anayeishi kwa samaki, duka dogo au mshahara wa mwisho wa mwezi, anafanya vyema kutoa akiba yake na kwenda nchi nyingine ili amwone msanii anayempenda akipiga jukwaani? Wamekalishwa wanne kuijadili: mchuuzi wa omena, kijana wa bodaboda, mvuvi aliyekula chumvi nyingi, na mwalimu. Ni sauti za pande nne za hoja, wala hawasimami badala ya mtu yeyote anayejulikana. Majina, miaka na matukio wanayoyataja ni ya kweli.

Mchuuzi ndiye anayefungua, na anafungua kwa ukali.

"Nyathina," anamwambia kijana, "pikipiki yenyewe hujamaliza kuilipia. Mimi nikitoa pesa kwenye chama, najua inakwenda karo au inakwenda magunia. Wewe unataka kuipeleka Kigali, ikaishie kwenye tiketi na nauli, na ukirudi huna hata kitu cha kushika mkononi. Huyo msanii si unaye kwenye simu? Si anaimba hapo kila siku ukiwa stejini unangoja abiria?"

"Ninaye, mama," anajibu kijana. "Lakini kwenye simu wimbo ni uleule kila siku. Jukwaani anaweza kuuvuta, kuukata, kuurudia pale watu walipopiga kelele. Mimi nataka niwe mmoja wa waliopiga kelele."

Mvuvi anaingilia kati, maana hapo kijana amegusa jambo analolijua vizuri. Zama za santuri ndogo za mizunguko 45, anasema, upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo wa benga ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili ndipo magitaa yanapopamba moto, solo ikikimbizana na besi. Mwenye santuri aliinuka, akaigeuza, akarudi kukaa. Aliyekuwa ukumbini hakugeuza chochote. Wimbo ulikwenda mpaka wachezaji wenyewe wakalegea, na mpiga solo, akiona mguu wa mtu umekolea, alimfuata mtu huyo kwa nyuzi mpaka jasho limtoke.

"Na sisi wavuvi tulikuwa na kalenda yetu," anaendelea. "Omena huvuliwa gizani. Unawasha taa juu ya maji, wadudu wanaifuata taa, omena wanawafuata wadudu, ndipo unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki wanatawanyika. Basi siku hizo za mbalamwezi mitumbwi inapumzika na vijana wana nafasi. Mtu akisikia kuna bendi mahali, anakwenda. Kama mahali penyewe ni upande wa Tanzania, anakwenda vilevile. Nani aliuita huo ubadhirifu?"

Mfano wake mkubwa ni Misiani mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, sehemu za Shirati, kwa wazazi wacha Mungu waliolichukia gitaa. Katika miaka ya 1960 alivuka kuja Kenya kutafuta maisha na muziki, na akawa mmoja wa walioipa benga sura tunayoijua leo. Aliimba kwa Kidholuo, kwa mafumbo ya Biblia na hadithi za wanyama, na mafumbo hayo yaliwahi kumtia mikononi mwa vyombo vya dola vya Kenya, kwa kuwa wakubwa walijua wanaosemwa ni wao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukakaa umefungwa hadi mwaka 1983. Mtu aliyezaliwa upande mmoja na kupata umaarufu upande wa pili aliishi miaka hiyo yote na ukuta wa kisiasa katikati ya nyumba zake mbili. Nyimbo zake hata hivyo zilisikika kusini na kaskazini ya ukuta huo.

"Tarehe 17 Mei 2006 akafa kwa ajali ya barabarani Kisumu," anasema mvuvi. "Wangapi hapa walikuwa wakisema watamwona mwakani? Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro naye, Januari 1979, ajali, Mombasa, tena akiwa amekuja huku Kenya kwa kazi ya muziki. Msanii hangoji wewe umalize karo."

Mwalimu amenyamaza muda wote huo. Anapozungumza anazungumza taratibu, na hoja yake inauma.

"Jaduong', umetusimulia habari tamu, lakini haijibu swali. Misiani alivuka mpaka akawafuata wasikilizaji. Simba Wanyika walitoka Tanzania mwaka 1971 wakaja Kenya. Super Mazembe walitoka Kongo, wakapitia Zambia, wakaingia Kenya katikati ya miaka ya 1970. Siti binti Saad alipanda meli mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Wote hao ni wasanii waliosafiri. Tunachojadili ni shabiki kusafiri, na shabiki hana mkataba unaomlipia nauli."

Kisha anaweka mezani mfano ambao kijana hakuutarajia: Zimbabwe. Santuri za benga zilizotolewa na mfanyabiashara wa muziki Phares Oluoch Kanindo zilisambaa kusini mwa Afrika katika miaka ya 1970, na watu wa huko wakaupenda muziki huo hata wakauita kwa jina lake, kanindo. Wapiga gitaa wao waliusikiliza, wakaushika, na ukachangia kuzaa sungura, muziki unaotawala mabaa ya Harare mpaka leo. "Wengi wa hao," anasema mwalimu, "hawakuwahi kumwona mpiga benga hata mmoja akiwa jukwaani. Hawakuhitaji pasipoti. Walihitaji santuri na masikio. Mapenzi ya muziki yakiwa ya kweli yanavuka bila mwenye mapenzi kupanda gari."

Ni hoja nzito, na haifai kupitwa haraka. Inatoa ushahidi kwamba sauti iliyorekodiwa inatosha kuanzisha muziki mpya mahali pengine. Inamtetea pia mchuuzi wa omena, ambaye tangu mwanzo anasema simu inatosha. Lakini hebu turudi Sori, tuangalie kinachotokea pale ala ya nyatiti au ngoma za ohangla zinapopigwa mbele ya watu, kwa sababu kuna jambo moja ambalo santuri ya Kanindo haikuweza kulibeba hadi Harare.

Jambo hilo ni pakruok. Muziki unaendelea, mtu anainua mkono. Mpigaji anasimamisha. Mtu anatoa pesa, anaiweka mbele ya mpigaji au juu ya ngoma, halafu anajisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, ametoka kijiji gani, anafananishwa na mnyama gani na mvua gani. Anamsifu shemeji yake, anamchokoza rafiki yake aliyekaa kona ya pili. Watu wanacheka. Muziki unarudi, hata kabla haujakolea yule rafiki naye ameinua mkono, ameweka noti kubwa zaidi, anajibu. Usiku mzima unajengwa namna hiyo. Mpigaji anatoka na pesa, wasikilizaji wanatoka wakiwa wameimbwa, na hakuna usiku wa pili utakaofanana na ule. Msikilizaji ni sehemu ya wimbo. Akiondoka ukumbini, wimbo umepungua.

"Hapo ndipo ninaposimama mimi," anadakia kijana. "Hata Wakongo wanafanya. Si unasikia Fally Ipupa au Koffi Olomide anataja majina ya watu katikati ya wimbo? Hiyo ni mabanga, omera. Mtu amelipa atajwe. Sisi tunalipa papo hapo, wao wanalipa studio."

"Sasa umejifunga mwenyewe," anasema mwalimu. "Fally Ipupa alipopiga Paris tarehe 25 Novemba 2023, La Défense Arena, ukumbi ule unachukua watu 40,000 hivi. Utainua mkono uonwe na nani?"

Kijana anacheka, lakini hana jibu la haraka. Mwandishi wa makala haya anamwona mwalimu amepatia hapo. Ukubwa wa jukwaa unanunua taa, spika na picha za kutuma nyumbani, na unamnyima shabiki kile ambacho mtu wa Sori amezoea kukipata kwenye hafla ya jirani, kusikika.

Na Paris ina mlango mgumu. Viza ya Schengen inagharimu yuro 90 tangu Juni 2024, zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, na ukinyimwa pesa hairudi. Juu yake kuna taarifa za benki, bima ya safari, barua ya mwajiri na uthibitisho wa malazi. Mvuvi anayelipwa kila asubuhi ufukweni kwa mkono au kwa M-Pesa ataandikiwa barua na mwajiri gani? Mwenye mapenzi makubwa na karatasi chache anabaki nje, mwenye karatasi nyingi anaingia hata kama anajua wimbo mmoja tu. Hata akifika, hana hakika ya usiku mtulivu: tarehe 28 Februari 2020, Fally alipopiga ukumbi wa Bercy kwa mara ya kwanza, wapinzani Wakongo waishio Ulaya waliandamana dhidi ya onyesho hilo na magari na pikipiki yakachomwa karibu na kituo cha reli cha Gare de Lyon.

"Basi tungoje msanii aje hapa," anasema mchuuzi.

"Mama, Koffi Olomide alikuja Julai 2016," anajibu kijana. "Akaonekana kwenye kamera akimpiga teke mnenguaji wake pale uwanja wa ndege wa Nairobi. Kesho yake akarudishwa kwao. Onyesho likafa."

"Na lilistahili kufa," anasema mchuuzi, na hakuna anayembishia.

Mjadala unapofika kwenye hati za kusafiria, mvuvi anakumbusha kisa cha upande wa pili, cha wageni waliokuja kwetu. Ian Eagleson, Mmarekani mpiga gitaa, alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga. Alikaa na wapigaji, akapiga nao, na yeye na mwenzake Alex Minoff wakaunda bendi pamoja na Otieno Jagwasi na Onyango Wuod Omari. Bendi iliitwa Extra Golden. Otieno alifariki mwaka 2005, kabla albamu yao ya kwanza, Ok-Oyot System, haijatoka mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2006 walialikwa kwenye tamasha la muziki wa dunia Chicago, na viza za Wakenya zikakwama. Aliyesaidia zipatikane ni ofisi ya seneta wa Illinois wakati huo, Barack Obama. Bendi ikamshukuru kwa wimbo uliobeba jina lake, uliomo kwenye albamu ya 2007, Hera Ma Nono.

Yuko pia Eriko Mukoyama, binti wa Kijapani aliyeacha kwao akaja Siaya kujifunza nyatiti kwa fundi Okumu K'Orengo. Aliishi kijijini, akafuata masharti ya mwalimu wake, akapewa jina la Anyango, na leo anaipiga duniani kote ala ya nyuzi nane ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume.

Visa hivi viwili vinamjibu mwalimu moja kwa moja. Hawa walianza kama wasikilizaji. Hawakuwa na mkataba wala kiingilio cha kukusanya. Waliupenda muziki wa watu wengine, wakapanda ndege kuufuata ulikozaliwa. Hakuna aliyewaita wabadhirifu. Tuliwapokea, tukawapa majina, tukajivuna nao. Kama Mjapani akija Siaya kwa ajili ya nyatiti anaitwa mpenda utamaduni, kwa nini kijana wa Sori akienda Kigali kwa ajili ya muziki aitwe mpotevu? Msafiri wa Kiafrika anatazamwa kwa jicho kali mno, na ubalozini, na nyumbani kwake pia.

Tuingie Kigali basi. Tarehe 6 Desemba 2023 Kendrick Lamar alipiga BK Arena, katika onyesho la kwanza la Move Afrika lililoandaliwa na Global Citizen. Februari 2025 akaja John Legend. Ukumbi unachukua watu 10,000, na Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa, kama anavyoingia Uganda. Hakuna barua ya benki. Kutoka Sori ni mabasi: Migori, Kisumu, Busia, Kampala, Kigali. Ni safari ya kuchosha, lakini ni ya mtu wa kawaida.

Mwalimu anaona hatari nyingine. "Rwanda haiwakaribishi wasanii hawa kwa mapenzi ya muziki peke yake. Hoteli, mikahawa, ndege, vyote vinakula. Machi 2024 Taylor Swift alipiga maonyesho sita Singapore na hakupiga kwingine Asia ya Kusini-Mashariki, kwa makubaliano na serikali ile, mpaka majirani wakalalamika hadharani. Nchi yenye ukumbi inakamua nchi zisizo na ukumbi. Sisi tutakuwa abiria mpaka lini?"

"Lakini tamasha nalo linakufa bila wageni," anajibu mvuvi, na yuko sawa. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kufanyika kwa miaka mingi Ngome Kongwe mwezi Februari, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Ni jukwaa ambalo limewaonyesha wasanii wa Afrika Mashariki kwa wenyeji na wageni, na wageni wanaolala Mji Mkongwe wiki ile ni sehemu ya kinacholiweka hai. Tamasha la Nyege Nyege la Jinja nalo limenusurika zaidi ya mara moja wanasiasa wakitaka lipigwe marufuku, na mojawapo ya sababu zilizotajwa kulitetea ni watalii. Nauli ya shabiki inafanya kazi hata akishakwenda kulala.

Mchuuzi anauliza swali ambalo wanaume watatu hawakuliuliza. "Na mimi? Nikitaka kwenda, nani atauza omena? Nani atabaki na watoto? Hawa mnaowasema wamepanda mabasi ni wanaume watupu. Mwanamke akirudi alfajiri kutoka muziki, kijiji kizima kina habari yake kabla ya chai."

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mapenzi haya ya kusafiri kama yalivyo sasa, kuliko viza na kuliko bei. Onyesho lililo mbali linawafaa walio huru kuondoka. Ndiyo maana hukumu ya mjadala huu haiwezi kuwa "nendeni" peke yake. Kijana aende Kigali au Jinja, aende kwa akiba yake bila kukopa, na asimwombe mtu msamaha. Paris ingoje, mpaka masharti ya mlango wake yamtambue mtu anayelipwa ufukweni. Lakini kwa mchuuzi wa omena, jukwaa lazima lisogee karibu.

Na linaweza kusogea. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za Madaraka zilifanyika Homa Bay, katika uwanja mpya uliopewa jina la Raila Odinga. Uwanja upo, na kutoka Sori mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kaunti za Homa Bay na Migori ziutumie kwa zaidi ya mpira na hotuba: zialike bendi za Mara na Mwanza, ziwaite wapiga nyatiti wa Siaya, zianze mchana ili akina mama waweze kuja na kurudi nyumbani kabla ya giza. Na serikali za Kenya na Tanzania zikubaliane juu ya jambo moja dogo. Kwenda Kampala au Kigali Mkenya anatumia kitambulisho. Kwenda Shirati, ambako karibu anakuona kwa macho akiwa Muhuru, bado anadaiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Vituo vya mpaka vya Sirari na Isebania viwaruhusu wasikilizaji wapite kwa kitambulisho, kama kile cha Busia kinavyofanya.